Siku Mtani Aliponiamkia

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mtu mwingine mtasema najitetea. Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka ishirini na sita. Nimesimama mbele ya wasichana wasio na idadi nikawaambia, kwa sauti ambayo marehemu mume wangu aliiita king'ora, kwamba kifaa cha umeme kikiharibika hakifunguliwi na mpishi. Nimewaandikisha madaftarini. Nimewatungia mtihani, na aliyekosa swali hilo nilimrudishia karatasi aliandike jibu upya. Halafu Jumamosi moja asubuhi, jikoni kwangu hapa Kihonda, nilikuwa nimeshika bisibisi mkono mmoja na kitambaa kibichi mkono wa pili, nimeinamia tumbo la maikrowevu lililo wazi, na jamani, nilikuwa najisikia fundi.

Aliyenifikisha hapo ni mama.

Mama yangu ni mtu wa Kinole, huko juu Uluguru, mahali ambapo chungwa likikuponyoka unalifuata mpaka bondeni. Akiwa na miaka themanini, bado alikuwa anashuka shambani na kupanda na mkungu wa ndizi kichwani. Masika moja akateleza, nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali nilimleta kwangu kwa nguvu, na nasema kwa nguvu kwa sababu hakuna neno lingine. Aliketi kwenye kochi langu, mkongojo magotini, akanitazama kama mtu anayepokea mahari pungufu.

"Nitakaa," akasema. "Ila sikai kama mgonjwa. Siku nitakayokaa nasubiri mtu anipashie uji wangu, siku hiyohiyo narudi kwangu."

Nikasema sawa, mama. Mtu akishakubali kukaa, hubishani naye juu ya masharti. Lakini yeye si mtu wa kusema ili kupitisha muda. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumwapia shemeji yake kwamba hatakanyaga ukumbi wake, na kweli hakuukanyaga mpaka shemeji alipokufa, na hata hapo matanga aliyakalia nje, mvua inanyesha.

Kazi ikawa kumfanya ajipashie uji mwenyewe. Mimi naondoka kabla jua halijachomoza, narudi alasiri. Gesi haitaki, anasema moto uliofichwa chupani una nia mbaya. Jiko la mkaa linataka mtu wa kuchuchumaa, na nyonga yake haichuchumai tena. Wasichana wa kazi nilileta wawili. Wa kwanza alimaliza siku tisa. Wa pili aliona mama anavyomtazama akimenya viazi, akakumbuka kwamba kwao kuna msiba.

Ndipo mwanangu wa kwanza, anayeishi Dar, akatuletea maikrowevu aliyokuwa akiitumia yeye. Wiki nzima mama aliizunguka kwa mbali. Akaiita "sanduku". Nikampakia rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kitufe cha kuanzia, nikamwonyesha vitufe viwili vya muda, nikamwambia asiweke kijiko wala sufuria, na asiiwashe ikiwa tupu. Mengine niliyaacha. Siku ya nane nikarudi kutoka kazini nikamkuta anakunywa uji unaofuka mvuke, uso umemkunjuka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Tangu hapo sanduku likawa lake. Kabla ya kufungua mlango wake anagonga na kusema hodi, maana kwao mtu haingii ndani ya nyumba, hata iwe ndogo kiasi gani, bila hodi. Akifunga anasema bismillah, ndipo anabonyeza pekundu. Wanawake wa jirani wakija kumjulia hali, badala ya wao kumhudumia yeye, yeye ndiye anayeinuka: "Ngoja nikupashie chai." Nilimwona akinyanyuka na mkongojo wake, polepole, kumpashia chai mwanamke wa miaka thelathini, na nilijua kwamba huyo ndiye mama yangu na kwamba atakaa. Niliomba Mungu sanduku lile liishi kuliko mimi.

Halikuishi. Alhamisi moja nilirudi nikamkuta jikoni ameketi, mikono mapajani, bakuli mbele yake, uji umeganda na ngozi juu.

"Limekufa," akasema.

"Tutalitengeneza, mama."

"Mjomba wako nimeshampigia. Jumamosi anashuka na gari la ndizi. Likishusha sokoni linapita hapa kunichukua."

Magari ya ndizi hushuka kutoka mlimani alfajiri na hurudi matupu kabla ya adhuhuri. Nikahesabu: nilikuwa na Alhamisi jioni, Ijumaa, na kipande cha Jumamosi. Nikamwambia mama kwamba huko juu atakuwa peke yake, kwamba njia ni utelezi, kwamba nyonga ya pili ikivunjika hakuna wa kumsikia akiita. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Tulikubaliana," akasema.

Basi nikavua viatu nikaanza vita. Nikatia maji kwenye kikombe cha udongo, nikayaingiza ndani, nikaweka dakika mbili. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, feni ikavuma, na mwisho likalia ti-ti-ti kwa furaha tele. Nikatumbukiza kidole. Maji yalikuwa baridi vilevile, kama ya mtungini. Nikasema labda umeme ni mdogo. Nikachomoa waya kwenye kile kisoketi cha kurefushia, ambacho tayari kilikuwa kimebeba friji na chaja tatu, nikauchomeka ukutani. Baridi. Nikasema labda mama amebonyeza kile kitufe cha kuyeyushia nyama, ambacho kinapasha kwa kudonadona. Hakubonyeza, na kuulizwa tu kulimuudhi. Nikaona mlango haufungi sawasawa kwa sababu ya uji uliokauka pembeni. Nikaukwangua, nikaupangusa, nikaufunga mpaka ukalia ka! Baridi.

Jirani yangu, mwanajeshi mstaafu, akachungulia dirishani akashauri nilipige kofi la ubavuni. Nikalipiga. Faida ya lile kofi ni kwamba sahani ilianza kuzunguka upande wa pili.

Nikampigia simu mtani wangu.

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya wale ambao hawakulelewa na utani. Fundi wangu ni Mpogoro, na mimi ni Mluguru, na Wapogoro na Waluguru ni watani. Ananizidi miaka kama minane, lakini tangu tufahamiane, alipokuja kutengeneza friji la shule, sijawahi kumwamkia, wala yeye hajawahi kunisemesha kwa heshima hata mara moja. Heshima baina yetu ingekuwa ugomvi. Akifika kwangu husimama getini akauliza kwa sauti kama maiti imeshaoshwa. Mimi humjibu kwamba tunamngoja yeye ili tuoshe wawili kwa maji mamoja. Majirani wageni hushtuka, wenyeji wanaendelea kuanika nguo.

Na si mambo ya kuchezea watu wenye furaha tu. Mume wangu alipofariki, siku ya nne, nimekaa mkekani sijala, mtani huyo aliingia amevaa koti la marehemu, sijui alilitoa wapi, akatembea kama marehemu, kiuno kimeenda upande, akaniuliza kwa sauti ya marehemu chai yangu iko wapi na kwa nini nyumba imejaa watu wasio na kazi. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikaomba chakula. Sijawahi kumwambia asante. Nitaanzaje?

"We Mluguru," akapokea simu, "bado hujafa?"

"Nife kabla yako, nani atakuzika? Maikrowevu haipashi."

"Ipashe wewe kwa mdomo. Si mna maneno ya moto?" Kisha akaniuliza, nami nikajibu. Taa inawaka? Inawaka. Sahani? Inazunguka. Umejaribu kikombe cha maji? Nimejaribu. Mlango unalia ukifunga? Unalia. "Basi ugonjwa uko ndani. Na ndani usiingie. Mimi niko Ngerengere, nina mafriji ya duka zima hapa, narudi Jumamosi jioni. Usiguse."

"Jumamosi jioni mama atakuwa Kinole. Niambie nifungue wapi."

"Usifungue popote! Humo ndani kuna kopo. Linakunywa umeme likashiba, na ukichomoa waya halitapiki, linakaa nao tumboni. Linakungoja. Ukiligusa linakutapikia wewe, mara moja tu, basi. Halafu mimi nakuja kulala kaburini mwako, kama haki ya mtani ilivyo, na sitoki mpaka wanipe jogoo mwekundu."

Nikacheka. Nilicheka sana, nakumbuka, nikaegemea friji. "Mpogoro wewe! Unaogopa nitajitengenezea ukose kazi."

"Gusa uone. Jogoo naanza kumtafuta leo."

Nikakata simu nikamsimulia mama, naye akacheka, mara yake ya kwanza siku hiyo. "Kopo linangoja!" akarudia. "Hawa watu wana maneno."

Sasa nitazameni mimi, mtu mzima, mwenye cheti ukutani. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia kwamba friji langu lina mimba. Aliniambia pasi yangu imegoma kwa sababu inataka kuolewa. Mtani akikwambia umekonda, ujue umenenepa. Akisema umependeza, kimbia kwenye kioo. Miaka yote nimeyageuza maneno yake nje-ndani, kama mtu anayefua suruali. Kwa hiyo aliponiambia nikigusa nitakufa, nilielewa, kwa uhakika kabisa, kwamba nikigusa sitakufa.

Ijumaa nilimtafuta fundi mwingine. Wa karibu na soko alisema wiki ijayo. Mwingine aliniuliza kwanza kama maikrowevu ni aina ya redio, nikamuaga. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anakunja khanga zake moja moja juu ya kitanda, anazilainisha kwa kiganja. Uji wa mchana alikuwa hajanywa. Niliupasha mimi kwenye gesi nikampelekea, akaupokea, akasema ahsante, akauweka kando. Niliumia. Nasema kweli, niliumia kuliko siku nyingi za misiba.

Jumamosi akaamka, akaoga, akavaa, akakaa. Saa mbili asubuhi nikaliweka lile sanduku mezani. Nikalijaribu mara ya mwisho na kikombe changu cha maji: taa, sahani, feni, baridi. Nikachomoa waya ukutani, nikajipongeza kwa kuchomoa waya, nikaligeuza, nikashika bisibisi.

Mama akaja na kiti chake. "Unafanya nini?"

"Natengeneza."

"Mtani si alisema usiguse?"

"Mama, yule ni mtani."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema, akajiweka vizuri atazame.

Skrubu tano zilitoka bila matata. Ya sita ilikuwa na kichwa cha nyota, kimetengenezwa makusudi ili watu kama mimi wakate tamaa. Nikaichokonoa kwa ncha ya kisu cha kumenyea vitunguu mpaka ikasalimu amri. Hata hapo sikuliona onyo. Mtu ametengeneza kufuli ili nisiingie, nami nimelivunja kwa kisu cha vitunguu, na bado najisifu. Nikaliinua bati la juu.

Loh, uchafu! Siwezi kuwaeleza. Vumbi limelala humo kama blanketi. Kulikuwa na dubwana la shaba lililovingirishwa nyaya, kitu kingine chenye mapezi-mapezi, nyaya nyekundu, na pembeni, kopo la bati, bapa kidogo, kubwa kama kopo la maziwa ya unga lile dogo. Nikamwita mama aone. "Ndilo hilo kopo la Mpogoro!" Tukacheka tena. Juu ya kopo, katikati ya vichwa viwili vya nyaya, alikuwa amelala mende mfu, chali, miguu juu.

Na hapo, wasomaji wangu, elimu yangu yote ilisimama ikaniambia kwamba tatizo ni uchafu. Kwani tatizo gani la jikoni si uchafu? Jiko likigoma, safisha. Friji likinuka, safisha. Nikalowesha kitambaa bombani, nikakikamua, si sana, nikarudi mezani. Nia yangu ilikuwa nimwondoe mende kwanza, kisha nipanguse kopo lile mpaka ling'ae.

Geti lilikuwa limefunguka nami sikusikia. Wala sikusikia mtu akiuliza habari za maiti. Nilichosikia ni sauti mlangoni pa jikoni, ya chini, ya upole, sauti ambayo sikuijua ni ya nani.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikageuka. Mtani wangu alikuwa amesimama pale na begi lake begani, mzee wa miaka sitini na zaidi, anampa shikamoo mtu mdogo kwake kwa miaka minane. Uso wake haukuwa na mchezo hata chembe. Nyuma yangu mama akasema neno moja la Kiluguru ambalo sitawafasiria.

"Naomba uondoe mkono," akasema. "Pole pole. Usiguse bati. Rudi nyuma mpaka ukutani, tafadhali."

Tafadhali! Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukakutana na friji. Maji ya kitambaa yakawa yananidondokea mguuni na sikuthubutu hata kukiweka chini. Akauliza kama waya umechomolewa, akahakikisha mwenyewe kwa macho. Akauliza liliwashwa lini mara ya mwisho. Nikasema muda si mrefu. Akafumba macho, akafumbua. Akatoa begini kifaa chake, kirefu, chenye mpini mnene wa mpira na waya uliofungwa upande, akauingiza mkono wa kushoto mfukoni ukabaki humo usije ukagusa kitu, akainama, akakigusisha kwenye vichwa vya kopo.

Paa!

Mwanga wa buluu ukaruka pale alipokuwa mende. Mama akatoa shahada kwa sauti. Mende hatukumwona tena, wala vipande vyake.

Fundi akalichunguza kopo mara mbili, mara tatu, mpaka aliporidhika. Kisha akakaa chini, palepale sakafuni jikoni.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa sitanii!"

"Ulisema kopo linatapika! Ulisema jogoo! Nitajuaje mimi?"

"Nilisema utakufa!"

"Tangu nikujue unasema nitakufa!"

Wote wawili tulikuwa na haki. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Ulicheka," akasema taratibu. "Kwenye simu. Mtu aliyeelewa hacheki vile. Alhamisi nimelala na kicheko chako, Ijumaa nimelala na kicheko chako. Alfajiri nikawaambia wenye duka mafriji yao yatangoja, nikapanda treni ya kwanza. Hata kwangu sijapita."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniamkia, asipige kelele kama binadamu.

"Ningepiga kelele ungedhani ndio kawaida yetu. Ungenijibu. Na wewe ukijibu unarusha mikono."

Ni kweli, narusha.

Akainuka, akashika vipimo vyake, akaingia kazini. Baada ya muda akatuita, mimi na mama, akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi kile kitu chenye mapezi. Hicho ndicho kinachopasha, akasema, na kimekufa. Kimekatika ndani. Kwa hiyo umeme uliokuwa unakwenda kwake ukakosa pa kwenda, ukajaa kwenye kopo. Na kuna kidude kidogo cha kulimwaga kopo lenyewe kwa lenyewe, nacho kilikuwa kimeungua. "Mara nyingi ukilifungua unakuta limeshajimwaga," akasema. "Watu wanaligusa, hawafi, wanajiita mafundi. Hili la kwenu lilikuwa limejaa pomoni." Kununua kile chenye mapezi ni kama kununua jipya zima, na yeye hakunishauri. Kwa mashine kuukuu kama ile, asingeifunga tena.

Kwa hiyo limekufa kweli. Nilikuwa nimejitia kaburini mguu mmoja kwa ajili ya maiti.

Na ndipo, nje, honi ya gari la ndizi ikalia.

Sikuweza kumtazama mama. Nilisikia mkongojo wake ukigonga sakafu, taratibu, ukitoka jikoni, ukipita sebuleni. Nikamfuata. Mjomba, mdogo wake mama, mzee mwenyewe wa miaka sabini na kitu, alikuwa ameshashuka na kufungua mlango wa mbele, amemwekea hata mto wa kukalia.

"Shikamoo, dada. Mizigo iko wapi?"

"Marahaba. Funga mlango wa gari, siendi."

Mjomba akanitazama mimi, kisha fundi, kisha mama. "Si ulinipigia mwenyewe? Umesema sanduku limekufa, umechoka kukaa kama mgonjwa?"

"Nilidhani mimi ndiye wa kuangaliwa," mama akasema. "Nimezaa mabinti watatu. Wawili nimewazika, unajua, ulinishika mkono wewe. Nimebaki na huyu. Na huyu nimekaa naye jikoni, nimevuta kiti kabisa, nimemtazama kwa macho yangu anakwenda kukipangusa kifo kwa kitambaa kibichi ili mimi ninywe uji wa moto. Na nilikuwa nacheka! Sasa nimwache na nani? Na mtani?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Ana akili ya darasani," mama akaendelea, akininyooshea mkongojo kifuani, "ya nyumbani hana. Baba yake alikuwa hivihivi. Rudi juu, nisalimie watu, migomba yangu wakate majani makavu. Mimi huku nina kazi."

Nikalia. Nililia palepale barabarani mbele ya dereva wa ndizi na mwanajeshi mstaafu, na wala sioni aibu kuandika. Mama akaniambia nisimharibie mjomba safari kwa makelele, niende ndani nikavae nguo kavu.

Uji siku hizi nauacha kwenye chupa ya chai ile kubwa, asubuhi, na hadi mchana bado unaunguza ulimi. Ndiyo, chupa ilikuwepo kabatini muda wote, na mtani wangu hachoki kunikumbusha. Tangu Jumatatu yake alisharudi kuuliza getini habari za maiti. Ila tumewekeana neno. Likiwa jambo la umeme, ananiamkia kwanza, na mimi nikiamkiwa naacha chochote nilichoshika.

Lakini aliyebadilika kabisa ni mama. Asubuhi haniruhusu kutoka kabla hajaniuliza kama nimezima pasi, na jibu langu halimtoshi, anakwenda mwenyewe kuipapasa. Nikichelewa kurudi anapiga simu. Nikishika kisu ananiambia nikate kuelekea nje. Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa jirani alimuuliza, mimi niko chumbani nasikia, mbona mwaka huu harudi mlimani kuangalia migomba yake. Mama yangu ana miaka themanini na mmoja, mimi nina hamsini na tatu, na nilimsikia akivuta pumzi kama mtu mwenye majukumu mazito.

"Nitarudije," akasema, "na bado nalea?"